Wauza eabrashi wa mjini: spea ziko wapi?

Wakuu, habari zenu. Leo nimepandwa na hasira, mnivumilie.

Kazi yangu ni kupaka rangi maketi (mifano midogo) za majengo na vifaa vya maigizo. Panga la mbao linatakiwa lionekane chuma chenye kutu, fuvu la makaratasi lionekane mfupa. Kwa brashi ya mkono inabaki michirizi, na bunduki ya kupulizia magari ndo kabisa, inamaliza rangi kwenye kitu cha ukubwa wa ngumi. Kwa hiyo eabrashi, ile ya kushika kama kalamu inayopuliza rangi kwa hewa, kwangu ni mkate, siyo mchezo.

Sasa kuna duka Kariakoo, jina naliweka kapuni. Nimemweleza muuzaji vizuri kabisa: nataka ya kikombe juu, ile ukibonyeza inatoa hewa na ukivuta nyuma inatoa rangi, sindano ya milimita 0.3 kwenda juu maana napiga praima (rangi nzito ya kwanza) na rangi za maji. Akanitolea boksi limeandikwa 0.3, "orijino boss wangu, hii ndiyo wanatumia mafundi wote". Kufika nyumbani, naweka sindano sambamba na ya eabrashi yangu ya zamani, ni 0.2! Hiyo ni ya kuchora vitu vidogo kwa rangi nyepesi kama wino. Ukiweka praima inagandia mdomoni hata hujamaliza upande mmoja.

Haya, nikafungua nozeli, kile kimdomo cha kutolea rangi, kuisafisha kwa kile kispana chake. Nozeli yenyewe ni kidude kama punje ya mchele, kina meno ya skrubu laini kama bati. Kikakatika, nusu ikabaki ndani ya mwili wa eabrashi. Na ile mipira ya ndani ya kuzuia uvujaji nayo, wanakwambia osha kwa tina (kiyeyusha rangi) yoyote. Tina ya rangi za magari inavimbisha mpira wa kawaida, kitufe kinakwama, hewa inavuja. Mipira ya tefloni ndiyo inayovumilia, ila dukani ukiuliza hilo wanakutazama kama umetoka sayari nyingine.

Nimerudi. Jibu: "Mzee, spea hatuuzi, chukua nyingine tu." Risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Yaani unitapeli saizi, halafu unifungie mlango kwa risiti?

Msiniambie eabrashi ndivyo zilivyo. Iwata Eclipse HP-CS ya Kijapani, nozeli yake ya 0.35 haina meno ya skrubu kabisa, unaichomeka tu na kifuniko kinaibana. Harder & Steenbeck za Ujerumani nazo nozeli unaitoa kwa vidole, na ukitaka saizi nyingine unanunua sindano na nozeli tu, mwili unabaki uleule. Bei zimechangamka, najua. Lakini hata hiyo ya Kichina ningeinunua kwa moyo mweupe kama nozeli zake zingekuwa zinaning'inia pale ukutani. Mtu anayechagua eabrashi mpya aulize nozeli kwanza, mng'ao wa boksi baadaye.

Na hivi vikompresa (vimashine vya kusukuma hewa) visivyo na tangi mnavyotuwekea kama "seti kamili"! Hewa inakuja kwa mapigo, kinachemka, na kwa unyevu huu wa Dar maji yanajaa kwenye mpira wa kupitishia hewa. Unapuliza taratibu kwa presha ya psi 15 au 20, mara inatema tone katikati ya uso wa kinyago cha mteja. Kichujio cha maji hakimo kwenye seti, na ukikitaka ni hela nyingine.

Wauzaji mliomo humu, msinifuate faragha kuniita "bro tuyamalize". Andikeni hapa hapa, watu wote waone: nozeli na sindano za 0.3 mnazo? Za aina gani, bei gani, na ikifika si yenyewe mnarudisha hela?