Saa za kompyuta kwenye mtandao wa ndani: NTP ya kawaida, chrony, PTP ama GPS?

studio_mld (Malindi)
Assalam aleikum wote. Dukani kwangu hapa Malindi narekodi harusi na kaswida, kamera zaingia kwenye mashine mbili za Linux, sauti iko kwenye laptopu ya Windows, halafu kuna seva ndogo ya faili na kamera za ulinzi. Zote ziko kwenye swichi moja ya bei rahisi na rauta ya 4G. Shida ni kwamba hakuna saa inayokubaliana na mwenzake, mashine moja iko mbele kama sekunde mbili, nyengine yabaki nyuma, nikikaa kuedit inabidi nitafute mahali watu wamepiga makofi ndo niunganishe picha na sauti. Na intaneti ikikatika kutwa nzima ndo zazidi kuachana.

Nimesoma nimeona njia nne: kila mashine ijiulizie saa yenyewe kwa NTP kwenye seva za mtandaoni za pool.ntp.org, ama niweke chrony (programu ya NTP) kwenye mashine moja zengine ziifuate, ama PTP (njia nyengine ya kulinganisha saa kwa usahihi zaidi), ama ninunue GPS niweke juu ya paa. Ipi yafaa huku kwetu? Pesa si nyingi lakini nataka kitu cha kudumu.

ShelaNet (Lamu)
Wa aleikum salaam. Hiyo ya kwanza itoe kabisa kwenye hesabu. Ukielewa NTP inavyopiga hesabu utaona kwa nini: mashine yatuma pakiti, seva yajibu, halafu mashine yachukua muda wote wa kwenda na kurudi yaugawa kwa mbili, ikiamini kwamba njia ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Kwenye 4G si sawa hata kidogo. Pakiti ikienda kwa milisekunde 60 ikarudi kwa 20, saa yako imeshakosea milisekunde 20 na wala haitajua, kwa sababu hakuna kitu ndani ya ile hesabu kinachoweza kuonyesha hilo. Sasa mashine tano zote zikipita kwenye rauta hiyo kila moja kwa wakati wake, kila moja yapata kosa lake.

Zikifuata mashine moja ya ndani, hata kama hiyo moja imepotoka milisekunde 20 na ulimwengu, zenyewe kwa zenyewe zitakubaliana, na wewe kwenye kazi yako hilo ndilo unalolitaka. Hapa kwenye nyumba ya wageni ninayosimamia mitambo nimeweka Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) na chrony, faili lenyewe ni fupi:

pool ke.pool.ntp.org iburst
makestep 1.0 3
rtcsync
allow 192.168.10.0/24
local stratum 10

Huo mstari wa mwisho ndio unaotufaa sisi watu wa visiwani. Intaneti ikikatika, chrony itaendelea kuwahudumia wengine kwa saa yake yenyewe badala ya kuwaambia haina uhakika. Kwenye zile mashine zengine za Linux waandika:

server 192.168.10.5 iburst minpoll 2 maxpoll 4

yaani waulize kila baada ya sekunde 4 mpaka 16, mtandao wa ndani hauna gharama. Windows nayo:

w32tm /config /manualpeerlist:192.168.10.5 /syncfromflags:manual /update

Ila jambo moja usilipuuze, Pi 4 haina betri ya saa. Stima ikikatika usiku ikarudi na intaneti haiko, itaamka na saa ya kale na itaigawa hiyo hiyo kwa kila mtu. Weka kijisaa cha DS3231 chenye betri, ni kitu kidogo, chakosea kama sehemu 2 kwa milioni, yaani haifiki hata robo sekunde kwa siku.

ngomeni_ke (Malindi)
Nakubali yote ya ShelaNet lakini swali la kwanza ni wataka usahihi kiasi gani, maana hapo ndo pesa zinapoanza kuongea. Picha ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Chrony kwenye mtandao wa waya wa ndani kwa kawaida yakaa kwenye makumi ya mikrosekunde. Kwa picha hiyo imeshapita mahitaji yako mara mia kadhaa.

PTP ni kitu chengine. Ni kiwango cha IEEE 1588, cha kwanza kilitoka 2002, kile ambacho wengi watumia ni cha 2008, na kuna cha 2019. Siri yake haiko kwenye ujumbe wenyewe, iko mahali muhuri wa wakati unapopigwa. NTP ya kawaida hupigiwa muhuri na programu, baada ya pakiti kupanda kutoka kwenye kadi ya mtandao, kungoja zamu ya prosesa, kupita kwenye kernel (kiini cha mfumo), na huko kote kuna kuchelewa kunakobadilika badilika. Kadi yenye uwezo wa PTP yapiga muhuri yenyewe pakiti inapogusa waya. Ndo maana watu wafika chini ya mikrosekunde moja.

Mimi nimekulia Ngomeni, kule Waitaliano waliporusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini, kwa hivyo haya mambo nayapenda toka utotoni. Setilaiti ya chini yaenda kama kilomita 7.5 kwa sekunde, ukikosea milisekunde moja umekosea mita saba na nusu angani. Watu wa kazi kama hizo lazima wahangaike. Wa harusi si lazima.

Kabla ya kununua chochote piga hii kwenye kila mashine ya Linux:

ethtool -T eth0

Ukiona hardware-transmit na hardware-receive na mbele ya PTP Hardware Clock kuna namba, una kadi nzuri. Ukiona none, PTP hapo itarudi kwenye muhuri wa programu na faida yake kubwa imeondoka. Na swichi rahisi isiyojua PTP yaziacha pakiti zingoje foleni pamoja na video unazokopi, hapo ndo namba zaanza kuruka.

mitambo_redio (Lamu)
Ndugu zangu mwamjibu vizuri kuhusu saa lakini mwaliacha jambo ambalo litamuumiza baadaye. @studio_mld hata ukiweka PTP ya nanosekunde, SAUTI YAKO BADO ITAHAMA. Saa unayoirekebisha kwa chrony ama PTP ni saa ya kompyuta. Kile kifaa cha sauti cha USB kina kioo chake chenyewe (crystal, kile kinachotoa mapigo ya saa) kinachohesabu zile sampuli 48,000 kwa sekunde, na hakuna mtu aliyekiambia kitu. Kamera pia zina vioo vyao.

Chukua kioo cha kawaida kinachokosea sehemu 20 kwa milioni. Kaswida ya saa mbili ni sekunde 7,200, kosa lafika sekunde 0.14, hizo ni fremu tatu na zaidi. Mwanzo wa faili midomo na sauti ziko pamoja, mwisho msomaji afunga mdomo sauti bado yaja. Nimeliona hili sana kwenye rekodi za maulidi ambazo watu waniletea kusafisha, kila mtu akalaumu kompyuta na kompyuta haina kosa.

Kwa hivyo saa za kompyuta zikishakubaliana utajua faili lipi lianze wapi, hiyo ni nusu ya kazi na ni nusu yenye faida. Nusu ya pili ama urekodi maikrofoni zote kwenye kifaa KIMOJA, ama ununue vifaa vinavyopokea word clock (mapigo ya saa ya sauti kutoka kifaa kimoja) kwa waya, ama uingie kwenye sauti ya mtandao kama Dante ama AES67 ambapo vioo vya vifaa vyenyewe huongozwa na PTP. Na ukienda huko angalia vizuri, Dante ya kawaida yatumia PTP ile ya 2002, AES67 yatumia ya 2008, hazisikilizani mpaka kifaa kiwashwe hali ya AES67.

studio_mld
Dada shukran sana, hili la kioo cha kifaa cha sauti hakuna aliyewahi kuniambia. Maikrofoni zote zitaingia kifaa kimoja basi. Nimepiga ile ethtool, mashine mbili za Linux zina kadi za Intel i210 na zote zaonyesha hardware. Seva ya faili yasema none. Vipi kuhusu GPS?

paa_la_makuti (Malindi)
GPS ndo uwekezaji ambao mimi ningeweka mbele ya PTP, kwa sababu yakutoa kabisa kwenye utumwa wa 4G. Lakini usinunue ile ya USB ya kuchomeka tu. Ujumbe wa NMEA (maandishi ambayo kipokezi cha GPS hutuma) unaokuja kwa USB wachelewa na kuyumba makumi ya milisekunde, saa nyengine zaidi. Unachotaka ni kipokezi chenye mguu wa PPS, ule unaotoa mpigo mmoja kila sekunde, wauunganisha na pini ya GPIO ya Pi. Kwenye config.txt:

dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18

Kwenye chrony:

refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.2 noselect
refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA refid PPS

NMEA yasema hii ni sekunde ipi, PPS yasema imeanza hasa wakati gani. Hiyo 0.2 ni ya kuanzia tu, utairekebisha ukiangalia chronyc sourcestats.

Antena sasa. Chini ya makuti makavu hupata setilaiti bila taabu, chini ya mabati usijaribu. Nyumba za mawe za Lamu kuta ni nene mno, lazima waya upande mpaka darini. Na chumvi ya hapa yala kila kitu, kile kiungio cha antena kikikaa wazi kwenye upepo wa kusi chapata kutu ya kijani na setilaiti zapungua moja moja mpaka utadhani kipokezi kimekufa. Kifunge kwa tepu ya mpira ile ya kujinatisha yenyewe, kisha tepu ya kawaida juu yake, na waya uuachie mkunjo chini kabla haujaingia ndani ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya.

ShelaNet
Naunga mkono. Na @ngomeni_ke, hata bila PTP zile i210 mbili zaweza kutumia muhuri wa kadi ndani ya chrony yenyewe. Waongeza hwtimestamp * kwenye faili la pande zote mbili na xleave kwenye mstari wa server, basi. Wenyewe wa chrony wasema kwa muhuri wa kadi yawezekana kushuka chini ya mikrosekunde. Programu moja, faili moja, hakuna cha kusimamia pembeni.

ngomeni_ke
Kwa mashine mbili kwenye swichi ya kawaida sikatai, tena huenda ikawa shwari zaidi kwa sababu chrony yachuja vizuri pakiti zilizochelewa. PTP yachukua uongozi pale ambapo swichi zenyewe zashiriki na kusema pakiti imekaa ndani yao muda gani, ama vifaa vya sauti vyaitaka. Kwa duka la studio_mld kura yangu ni chrony, halafu GPS yenye PPS akipata pesa.

studio_mld
Nimeweka chrony kwenye Pi na kijisaa cha betri, Windows na kamera za ulinzi zote zafuata. GPS inshallah mwezi ujao. Lakini kwa kutaka kujifunza niliwasha ptp4l (programu ya PTP ya Linux) na phc2sys (ile ihamishayo saa ya kadi kwenda saa ya mfumo) kati ya zile mashine mbili zenye i210, ile inayofuata ikaruka mbele sekunde 37 kamili, halafu ikawa yavutana huku na huku. Ni nini hii?

ngomeni_ke
Ni mambo mawili. PTP huhesabu kwa TAI, saa isiyowekewa sekunde za nyongeza, na toka 1 Januari 2017 TAI iko mbele ya UTC (saa ya kawaida ya dunia) sekunde 37. Umeanzisha phc2sys bila kuiambia isubiri ptp4l ichukue tofauti hiyo. Anzisha hivi:

phc2sys -s eth0 -c CLOCK_REALTIME -w

Kuvutana ni kwa sababu chrony nayo bado yaendesha saa hiyo hiyo kwenye mashine hiyo. Moja yairudisha nyuma, nyengine yaisukuma mbele. Kwenye mashine inayofuata PTP zima chrony kwa systemctl stop chronyd (Debian na Ubuntu jina ni chrony), ile ya Pi iache iendelee. Na kama una ukuta wa moto (firewall) fungua UDP 319 na 320, ile 123 ni ya NTP peke yake.