Kuomba jiji liachie uchochoro wa umma ulio nyuma ya viwanja (jimbo la Washington): utaratibu ukoje?

Mpaka_wa_Nyuma

Habari wakuu. Swali langu linahusu jimbo la Washington, Marekani. Nyuma ya viwanja sita, vitatu kila upande, kuna uchochoro wa umma wenye upana wa futi 16 na urefu wa futi 150. Kwenye ramani ya upimaji upo, lakini haujawahi kufunguliwa: ni majani matupu, na upande mmoja kuna nguzo za umeme. Wenye viwanja vinne wanataka jiji liuachie, ugawanywe kwa wanaopakana nao. Mmoja wao uzio wake umesimama katikati ya uchochoro zaidi ya miaka 20. Je, uzio huo unampa haki yoyote? Wanne kati ya sita wanatosha? Na jiji laweza kudai fedha kiasi gani?

Kamba_na_Futi

Mkuu, anza na hesabu ya saini, maana ndipo maombi mengi hukwama kabla madiwani hawajayaona. Sura ya 35.79 ya sheria za jimbo inataka saini za wamiliki wa *zaidi ya* theluthi mbili ya mali inayopakana na kipande kinachoombwa. Kama kila kiwanja kina futi 50 za mpaka, pande zote mbili jumla ni futi 300, na theluthi mbili yake ni 200. Wanne wana futi 200 kamili, kwa hiyo hawajavuka. Mtafuteni wa tano. Kama viwanja havilingani, muulizeni karani wa jiji wanavyopima kabla hamjazunguka na karatasi.

Anayesaini ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Mpangaji hahesabiwi, na hati ikiwa na majina mawili, wasaini wote wawili.

Njia nyingine ni madiwani kuanzisha shauri wenyewe kwa azimio. Hapo saini hazihitajiki, lakini nusu ya wamiliki wanaopakana wakipinga kwa maandishi kabla ya kikao, baraza haliruhusiwi kuendelea.

Uzio haumpi chochote. Katika jimbo hilo ardhi ya barabara ya umma haipatikani kwa kuikalia, iwe miaka 20 au 60. Tena mkipeleka ombi mhandisi atakuja kuangalia, na huenda akaagiza uzio utolewe hata kama ombi litakataliwa. Mwenye uzio alijue hilo kabla ya kusaini.

Hati_Safi

Naongezea yanayofuata baada ya saini. Baraza hupitisha azimio la kupanga siku ya kusikiliza wananchi, isiwe chini ya siku 20 wala zaidi ya 60 tangu azimio lipite. Karani hubandika tangazo siku 20 kabla, sehemu tatu za wazi mjini na moja kwenye uchochoro wenyewe. Tangazo la uchochoroni likikosekana, mpinzani amepata pa kushika, kwa hiyo lipigeni picha yenye tarehe. Baraza likikubali hupitisha sheria ndogo, na nakala yake iliyothibitishwa husajiliwa kaunti.

Fedha: jiji laweza kudai hadi nusu ya thamani iliyotathminiwa. Ila kama kipande kimekuwa njia ya umma kwa miaka 25 au zaidi, au kilinunuliwa kwa fedha za umma, laweza kudai thamani yote. Kwa ramani ya zamani jiandaeni kwa thamani yote.

Lakini mimi ningetazama nguzo kabla ya bei. Sheria inaruhusu jiji kubaki na haki ya kupitisha nyaya na mabomba kwenye eneo lililoachiwa. Haki hiyo ikichukua futi zote 16, kila mmoja atapata futi 8 kwa 50, yaani futi za mraba 400, za kupanda majani. Hakuna kujenga banda wala kumwaga zege la msingi. Ombeni kwa maandishi ibanwe upande wa nguzo, kwa upana ambao kampuni ya umeme imeridhia, kisha mthamini aambiwe hivyo, kwa sababu ardhi yenye mzigo wa namna hiyo haithaminiwi sawa na ardhi huru. Kama shida ni uzio na bustani tu, ulizeni kwanza kama jiji linatoa kibali cha matumizi. Hicho kinaweza kufutwa wakati wowote, lakini hamnunui ardhi.

Mpaka_wa_Nyuma

Nashukuru. Ramani ilisajiliwa 1902, na wakati huo eneo lilikuwa bado nje ya mipaka ya jiji. Hilo linabadilisha chochote?

Kamba_na_Futi

Linabadilisha sana, na ungelitaja mwanzo! Msilipe mthamini kwanza. Sheria ya zamani ya jimbo ilisema njia ya kaunti isiyofunguliwa kwa miaka mitano inafutika yenyewe. Mwaka 1909 ikarekebishwa ili isiziguse njia zilizotolewa kwenye ramani za viwanja. Kwa hiyo iliyotolewa kabla ya Machi 1904, ikiwa nje ya jiji na haikufunguliwa ndani ya ile miaka mitano, ilishafutika. Jiji haliwezi kuuza kisicho chake.

Tafuteni tarehe ambayo eneo lilimezwa na jiji. Kama ni 1906, miaka mitano haikutimia na mnarudi kwenye ombi la kawaida. Kama ni baada ya 1907, tafuteni kumbukumbu za barabara za kaunti kuonyesha haukufunguliwa.

Hati_Safi

Na msiishie kumwandikia mwanasheria wa jiji. Mnahitaji hukumu ya mahakama ya kuthibitisha umiliki, jiji na wamiliki wote sita wakiwa ndani ya kesi, la sivyo kampuni ya bima ya hati, ile inayomkinga mnunuzi dhidi ya kasoro za umiliki, haitaitambua ardhi hiyo mtu akitaka kuuza. Kampuni ya umeme nayo iingizwe, kwa kuwa njia kufutika hakuzing'oi nguzo. Halafu angalieni kama kuna aliyenunua kiwanja kwenye ramani hiyo hiyo na anategemea uchochoro kufika kwake. Haki yake binafsi ya kupita inaweza kubaki hata haki ya umma ikiisha.