Naomba ushauri: tiba ya sumaku ya ubongo kwa mtu mwenye kibati cha chuma kwenye fuvu

Ndugu wataalamu na wengine mnaolifahamu jambo hili, nawasalimu kutoka Jinja.

Kaka yangu anaugua sonona ambayo haijapungua, ingawa amebadilishiwa dawa, amezinywa kama alivyoelekezwa na amehudhuria vikao vya unasihi. Nimesoma kuhusu tiba iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2008, ambayo koili (waya uliozungushwa) huwekwa juu ya kichwa na kutoa mapigo ya sumaku yanayozalisha mkondo wa umeme ndani ya ubongo na kuamsha seli za neva, bila upasuaji wala nusukaputi. Tatizo ni kwamba baada ya ajali ya bodaboda aliwekewa kibati cha chuma upande wa kushoto, juu ya paji la uso, karibu kabisa na mahali ambapo koili hiyo huwekwa kwa kawaida. Daktari wake hataki kumpa rufaa kabla ya kujua ni chuma cha aina gani, na kumbukumbu za upasuaji tumezitafuta bila mafanikio.

Wakati huohuo, mfanyabiashara mmoja anatushawishi tununue kifaa cha betri chenye sponji mbili za kulowesha maji ya chumvi, cha kupitisha umeme mdogo wa miliampea 2 kichwani. Mimi sikiamini, kwani hakuuliza hata kama mgonjwa ana kifafa.

Je, kuna kipimo kinachoweza kuonyesha kama kibati hicho ni cha titani, yaani metali isiyovutwa na sumaku? Na kama ni cha titani, je, mnafahamu hospitali yoyote ya Afrika Mashariki inayokubali kumchunguza mgonjwa wa namna hii kwa ajili ya tiba ya sumaku?