Wenye wazee waliopigana Vita vya Kagera, hasa waliotekwa: tupeane uzoefu

MwanaMuleba
Wakuu, heshima zenu. Jana siku ya Mashujaa redioni walirudia hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin wa Uganda. Sisi sebuleni tukaanza kuitikia kwa pamoja maana wote tunaijua. Baba mkubwa akainuka, akachukua fimbo yake, akatoka bila neno. Nilimkuta ameegemea banda la ng'ombe, mikono inamtetemeka. Alichukuliwa vitani pamoja na mgambo wenzake wa kata yetu, akaenda kwa miguu hadi Kampala, na tangu nipate akili sijamsikia akisimulia hata siku moja. Usiku ndiyo anasema, lakini anasema akiwa usingizini.
Wenye wazazi wa namna hii mnaishi nao vipi? Na wale ambao wazee wao waliangukia mikononi mwa adui, walirudi wakoje?

Nyamagana77
Huyo ni marehemu baba mtupu. Umenikumbusha mbali sana.

BintiKyaka
Sisi wa Kyaka hatuhitaji redio. Mama alikimbia na kaka yangu mgongoni wakati majeshi ya Amin yalipoingia mwisho wa Oktoba, na siku chache baadaye daraja likalipuliwa, waliobaki ng'ambo wakabaki huko. Ng'ombe wote wakaswagwa kupelekwa Uganda. Shangazi yangu mmoja alichukuliwa na hakurudi. Mkisema mateka, msihesabu wenye magwanda tu. Raia walichukuliwa pia, na hao hakuna aliyewapa medali.

MstaafuJW
Binti umesema kweli.
Mimi nilikuwepo, nilikuwa kijana mdogo. Kwa mleta uzi: mwache mzee wako. Usimchokoze. Kuna vitu ukivitoa mdomoni vinakaa mezani na watoto wanaviona.

Fundi_Redio
Mkuu MstaafuJW kwa heshima zote napinga. Babu yangu alinyamaza hadi anaingia kaburini, leo hatujui hata alikuwa kikosi gani. Mkalishe, mrekodi kwenye simu, hata dakika kumi kumi. Wazee wa 1978 wanakwisha.

MstaafuJW
Wewe unataka kurekodi, yeye anataka kulala. Hayo ni mambo mawili.

GukaWaKeya
Mimi niko Murang'a, naomba nichangie hata kama si Kagera. Guka wangu alikuwa Keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama (Burma) 1944, bonde la Kabaw, mvua na malaria kuliko risasi. Aliporudi akakuta serikali inawagawia mashamba askari wazungu waliotoka vita hiyohiyo, na yeye akapewa asante. Hasira yake tuliila sisi wajukuu wote.

Nyamagana77
Mkuu wa Murang'a, uzi ni wa Kagera huu. Fungua wako wa Bama tutakuja.

BintiKyaka
Mwacheni achangie, kwani vita vya babu yake vilikuwa vya plastiki?

Nyamagana77
Sijamfukuza mtu. Nasema mada.

Jarorya
Wakuu, sikutaka kuandika. Nimeusoma uzi huu tangu alasiri, nimeshindwa kuuacha.
Sisi ni Wajaluo wa Rorya, karibu na Shirati. Baba alikuwa jeshini kabla ya vita, akapangwa mpakani, upande wa kaskazini ya mto Kagera. Walikuwa wachache mno. Siku walipozidiwa, mwenzake mmoja aliyefanikiwa kuvuka mto alisema kwa macho yake amemwona baba akianguka. Mwezi wa kumi na mbili habari ikafika nyumbani: amekufa. Mwili hakuna.
Kwetu mtu hawezi kuachwa bila kaburi. Wazee wakachukua yago, lile tunda refu la mwegea, likavishwa shati la baba, likazikwa kama yeye. Nilikuwa mdogo lakini nalikumbuka lile shati, lilikuwa la mistari ya kijani. Mama akanyolewa. Na kwa taratibu zetu, baba mdogo akaingia nyumba ya mama.
Baba hakuwa amekufa. Alipigwa na kitu kichwani, alipozinduka wako juu yake. Walimpeleka Masaka, halafu Kampala. Aliniambia mambo machache sana miaka ya mwisho ya uhai wake, na nayaandika alivyosema. Alisema kilichomuuma zaidi ya kipigo ni lugha. Wale askari wa Amin walikuwa wanaamrishana kwa Kiswahili, wanamtukana kwa Kiswahili, usiku wanaimba kwa Kiswahili. Akawa anajiuliza, huyu anayenipiga tofauti yangu na yeye ni ipi? Walimfunga mikono kwa waya nyuma ya mgongo mpaka vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafa. Chumba hakina dirisha. Kati ya waliokuwa naye, wengine waliitwa usiku na hawakurudi. Alikuwa anahesabu sauti za viatu kujua kama wanakuja wawili au wanne, maana wakija wanne ni kuchukua mtu.
Aprili 1979 wakasikia mizinga inakaribia. Walinzi wakawa wanapungua siku hadi siku, hadi asubuhi moja hakuna mtu. Mlango ulivunjwa na raia wa Kampala, wanawake na vijana. Yeye alidhani ni ujanja, alikataa kutoka.

Fundi_Redio
Mkuu endelea tafadhali. Nimeacha kazi.

MwanaMuleba
Endelea ndugu yangu.

Nyamagana77
Na nyumbani ikawaje? Kaburi? Mama?

Jarorya
Ngoja nivute pumzi.
Alikaa hospitali muda mrefu, kisha akahojiwa na upande wetu wenyewe, alisema nini kwa adui, nani alimwona. Hilo lilimvunja kuliko anavyokiri. Alipofika kijijini ni baada ya vita kwisha kabisa. Hakuruhusiwa kuingia bomani. Mtu ana kaburi, anaingiaje? Alikaa nje chini ya mti mpaka wazee wakafanya yao, sisi watoto tukafungiwa ndani tusione. Mama alikuwa na mimba kubwa ya baba mdogo.
Baba alimtazama mama, akasema apewe maji ya kunywa. Basi. Dada yangu alipozaliwa, yeye ndiye aliyempa jina, jina la bibi mzaa baba. Dada alikua akijua huyo ndiye baba yake, na hakuna mtu aliyethubutu kusema vingine mbele yake. Lakini baba na ndugu yake hawakula sahani moja tena. Baba mdogo alipougua miaka ya tisini, baba alimfunga kwenye kiti cha baiskeli kwa khanga na kumpeleka hospitali akisukuma kwa miguu, kwenda na kurudi, na njiani hawakuongea.
Aliishi kwa kulinda ghala la pamba na kulima mihogo. Hakulala mlango ukiwa umefungwa, hata kuwe na baridi. Chini ya mto wake kila siku kulikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Alipofariki tulikikuta.

BintiKyaka
Mungu amrehemu. Nimelia mbele ya wateja.

MwanaMuleba
Mlango usiofungwa. Baba mkubwa naye hivyohivyo, sisi tulidhani ni joto.

BomboKwetu
Jarorya pole sana ndugu yangu. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Uganda. Mnisamehe Kiswahili changu. Baba yangu alikuwa upande ile ingine. Alikuwa dereva wa jeshi. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili yeye alitupa bunduki na akajisalimisha, wakamchukua pamoja na wengi wakapelekwa kwenu Tanzania, akakaa miaka. Sisi pia tulisema amekufa. Alilima mahindi huko, aliishi kama mfungwa. Wenzake waliobaki hapa wengine walifungwa Luzira na Kirinya bila kesi, na kwetu West Nile serikali mpya ilichoma vijiji. Yeye alikuwa anasema kutekwa na Watanzania ndiyo ilimponya.
Sisemi alikuwa malaika. Sijui alifanya nini kule Kagera. Niliogopa kuuliza.

Nyamagana77
Uulize! Wafu wa Kyaka wanataka jibu. Na Mwanza tulirushiwa bomu na ndege ya Walibya waliokuja kumsaidia, likaangukia kisiwa cha Saanane likaua wanyama. Lingeshuka mjini ingekuwaje?

BomboKwetu
Ameshakufa, mkuu. Nimuulize wapi? Na askari wenu pia walirudi na redio za watu na magodoro.

Nyamagana77
Thibitisha.

MstaafuJW
Nyamagana, usimwambie athibitishe. Wapo waliochukua. Niliona, na wapo waliopigwa na makamanda kwa ajili hiyo. Na wapo waliogawa mgao wao kwa watoto wa Masaka. Yote yalikuwa jeshi moja.

Jarorya
BomboKwetu, baba alisema kulikuwa na mlinzi mmoja aliyekuwa akimwingizia chumvi kwenye karatasi. Hakujua jina lake. Alijua ana kikohozi. Sisemi alikuwa baba yako. Nakwambia tu kwamba alikuwepo.

BomboKwetu
Asante. Nimesoma mara nyingi hiyo.

GukaWaKeya
Ushauri wangu kwa mleta uzi: mpeleke Kaboya, kwenye makaburi ya wenzake. Guka hakuwa na pa kwenda, wenzake wako Bama.

Fundi_Redio
Mpeleke, ila usimpeleke siku ya sherehe na mizinga ya heshima. Mzee atalala chini mbele ya wageni rasmi.

Nyamagana77
Mimi nasema mnunulieni ng'ombe mmoja awe wake peke yake. Baba alipona kwa ng'ombe kuliko kwa dawa zote. Sitanii.

BintiKyaka
Kila mtu na dawa yake 😂 Mimi nashauri aongee na mwanamke mzee asiye ndugu. Wanaume wa vita hawasemi kwa wanaume.

MstaafuJW
Hapo umenipata.

MwanaMuleba
Kaboya tuko jirani kabisa, na hajawahi kutaka kupita barabara ile. Nitamwuliza shangazi kwanza.

Fundi_Redio
Na mafao? Kuna anayejua mgambo anaanzia wapi?

Nyamagana77
Tumezungushwa ofisi moja hadi nyingine mpaka baba akafa. Wanataka karatasi. Nani alitoka vitani Lukaya na karatasi?

MstaafuJW
Tafuteni mashahidi wa kikosi wakiwa hai, mwandike maelezo yao na saini. Bila hilo msipoteze nauli.

KageraYetu
Wakuu, mimi mgeni humu. Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Baba yangu mdogo aliandika barua moja kutoka Masaka, baada ya mji kutekwa Februari 1979, akisema wanaelekea Kampala. Hatukupata nyingine. Si mwili, si taarifa. Bibi alikufa akiwa bado anamwekea sahani. MstaafuJW, waliotoka Masaka mwezi huo walipita wapi?

MstaafuJW
Walipita Lukaya, barabara ya katikati ya tope. Tarehe 10 Machi brigedi ya 201 ilikuwa mbele, wengi wao mgambo, wakapigwa na Walibya na watu wa Amin, wakatawanyika usiku. Sisi wa 208 tulizunguka kutokea nyuma tukapiga alfajiri. Kulikuwa na waliozama, na waliozikwa haraka. Baba yako mdogo alikuwa mgambo au JKT?

KageraYetu
Mgambo. Alikuwa fundi cherehani.

MstaafuJW
Nitumie jina lake na la kijiji faraghani, usiweke hapa. Wapo wawili wa 201 ninaosali nao. Nitawauliza Jumapili.