Nimelipia spindeli mpya za inchi moja, nimerudishiwa za zamani zimevishwa bomba!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Nipo Michigan. Nina Wheel Horse C-120, trekta dogo la bustani la miaka ya 70, enzi bado wanayatengeneza South Bend, Indiana, kabla Toro hawajainunua kampuni mwaka 1986. Injini ya Kohler haina neno. Shida ni mbele, kwenye spindeli, yaani vile vijishafti vinavyobeba magurudumu ya mbele. Aliyeniuzia alilifungia koleo la mbele la kuchotea, nami nalibebea kokoto, ilhali spindeli zake ni za robo tatu ya inchi, saizi ya kukatia majani. Zikapinda, magurudumu yakakaa kama miguu ya bata.

Nikampelekea mkerezaji hapa jirani, maelekezo kwenye karatasi: chuma kipya, kipande kimoja, inchi moja. Uimara wa shafti dhidi ya kupinda unapanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, kwa hiyo hapo napata zaidi ya mara mbili. Habu (vitovu vya magurudumu) za trela ndogo, boliti 4, beringi za koni namba L44643, maana zile za gololi zilizokuwemo hazipendi kusukumwa ubavuni, na ukikata kona na mzigo ni ubavuni hasa.

Wiki 3. Dola 340. Nafungua niangalie grisi (kitu cha fundi sikipokei bila kukifungua, nimelelewa hivyo), nakuta alama ya kuchomelea. Jamaa kanyoosha spindeli zilezile kwa nyundo, kavisha bomba, kachomelea, kakereza juu zing'ae. Tena kachomelea shingoni, palepale panapobeba mzigo wote! Ya kushoto ina ufa tayari.

Halafu habu zimetoka nje inchi 2 kuliko zamani. Gurudumu likikaa mbali na kingi pini (ile pini ya wima gurudumu linapogeukia), kila jiwe unalokanyaga linakunyang'anya usukani. Kiganja kinaniuma hadi leo. Nati nazo kazikaza hadi mwisho. Beringi ya koni unaikaza huku unazungusha habu, unailegeza kidogo, ndipo unatia pini ya kuzuia nati. Dogo yeyote wa gereji Mbagala analijua hilo.

Nampigia, ananijibu eti trekta lenyewe ni la kuchezea, nataka nini zaidi.

Spindeli nimebaki nazo kama ushahidi. Hela yangu naitaka yote, sitaki nusu. Mwenye mashine ya kukerezea maeneo ya Detroit au Toledo, anayesoma karatasi ya mteja, anitumie ujumbe. Wa "nunua jipya" apite tu.