Wiki ya sita ya mazoezi, mizani imegoma. Naendelea au naacha?

Pumzi Fupi:
Wakuu, salaam. Nina miaka 43, kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa. Nilipopimwa mara ya mwisho presha ilikuwa 142/91, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.4. Daktari akasema dawa bado, akanipa miezi mitatu: kafanye mazoezi, urudi. Mazoezi gani, kiasi gani, hakusema.

Nikaanza kutembea kwa kasi, dakika 30, siku tano kwa wiki. Sijategea hata wiki moja. Nilianza na kilo 91, leo nina 90.6. Mke wangu anasema hizo gramu mia nne ni jasho la shati. Naomba kujua: kama kilo hazishuki, kuna kinachoendelea mwilini au najichosha bure? Kunicheka ruksa, ila ushauri kwanza.

Kongoti:
Mkuu, daktari kakutuma presha na sukari, wewe unapima kilo. Presha umeshaipima tangu uanze?

Pumzi Fupi:
Hapana. Nasubiri miezi mitatu itimie.

Mkaidi wa Zamani:
Acha tu ndugu yangu. Mimi nilikimbia mwaka mzima, sikupungua kitu. Mazoezi yanawanufaisha wauza viatu.

Nesi wa Zamu:
Kaka Pumzi, usiache. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kuisubiri insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu. Ukishamaliza, mwili unaendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja, mara nyingine mbili, kisha hali inarudi ilikokuwa. Kwa hiyo usipumzike zaidi ya siku mbili mfululizo. Ni bora nusu saa mara tano kuliko kujikomoa saa mbili na nusu Jumapili halafu wiki nzima umelala.

Presha nayo: mishipa inajifunza kutanuka, na moyo unapata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Hesabu mapigo yako asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakianza kupungua wiki hadi wiki, ujue moyo unapumua.

Kilo ni hadithi nyingine. Kutembea peke yake hakupunguzi uzito sana, hilo Mkaidi hajakosea. Lakini mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, yanaweza kupungua na mizani isiseme neno. Chukua utepe, pima kiuno.

Kongoti:
Naongezea kisa ninachokipenda. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa kutwa, kondakta anapanda na kushuka ngazi. Makondakta walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Watu wakasema labda madereva walikuwa wanene tu. Morris akaenda kutazama vipimo vya suruali zao za kazi! Kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi, ila kondakta mwembamba au mwenye kitambi, wote walikuwa na nafuu. Ngazi zilifanya kazi hata pale suruali haikupungua.

Mkaidi wa Zamani:
Hiyo ya suruali sikuijua. Haya, nimenyamaza.

Nesi wa Zamu:
Kuhusu kiasi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Hapo umefika. Ulichosahau ni misuli, angalau siku mbili kwa wiki. Chuchumaa na kuinuka, piga pushapu za ukutani. Kuumwa misuli kesho yake ni kawaida. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, hapo simama na uende hospitali, usije kutuuliza sisi.

Na presha usiipime ukiwa unahema. Kaa kimya dakika tano kwanza, uipime siku kadhaa. Kipimo kimoja kinadanganya.

Pumzi Fupi:
Nimerudi. Nimepima asubuhi tatu: 135/86, 137/85, 134/86. Kiuno sikukipima mwanzo, ila mkanda umerudi tundu moja nyuma na mimi nilidhani umelegea wenyewe. Mke kaomba mashine, naye kajipima. Zake nzuri kuliko zangu, basi leo sina raha.

Swali: pushapu za ukutani nimeweza nane, ya tisa mikono ikagoma. Ukutani jamani! Ni kawaida?

Nesi wa Zamu:
Kawaida kabisa. Keshokutwa jaribu tena.