Ushauri: vijana wanataka kuigiza onesho la Kendrick Lamar kwenye sherehe ya Muungano, wazee wamegoma

Katibu_Ohio
Wakuu, heshima mbele. Hili jambo lilianza kama mzaha, sasa linaelekea kuvunja kamati.

Mimi ni katibu wa sherehe ya jumuiya yetu ya Watanzania hapa Ohio. Tarehe 26 Aprili mwaka huu wa 2025 inaangukia Jumamosi na ukumbi tumeshaulipia nusu. Kila mwaka vijana hupewa dakika zao, wanaruka na Bongo Fleva, tunapiga makofi, tunarudi kwenye pilau. Safari hii wamekuja na onesho la rapa Kendrick Lamar, lile la mapumziko ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kule New Orleans mwezi wa pili. Wanakitaka kipande cha bendera: wachezaji wa nyekundu, nyeupe na bluu wanainama wamebanana mpaka inatokea bendera ya Marekani, kisha inaachana katikati na mwimbaji kasimama kwenye uwazi. Kiongozi wao ni binti wa miaka 16. Alikuja kikaoni na daftari, kachora kila mtu atasimama wapi kwa kalamu za rangi.

Mzee wetu mmoja, ambaye ndiye hutudhamini chakula, alimsikiliza hadi mwisho akasema, "Mwanangu, hii ni nchi ya watu." Basi kikao kikawaka. Nusu wanasema mtoto yuko sahihi, nusu wanasema tunatafuta balaa, na kina mama wawili watatu wanasema onesho lenyewe lilikuwa bovu, jamaa anatafuna maneno. Sitaki kuwavunja moyo watoto, wala sitaki mtu apate matatizo. Nifanyeje?

Kinyozi_wa_Temeke
Mkuu, nipo na hao kina mama. Huku Bongo niliamka alfajiri kwa ajili yake, bando likaisha, nikaambulia mtu amevaa suruali pana anatembea tembea. Hakuna fataki za maana, nyimbo nyingi siijui hata moja. Nilichofurahia ni Serena Williams kucheza na umati kumalizia ule wimbo wa kumchamba rapa mwenzake Drake. Waambie vijana watafute kitu chenye shangwe.

Bi_Mwanaidi
Kinyozi mdogo wangu, wewe umekwenda kwenye taarabu ukasikiliza kinanda tu. Mpasho umekupita.

Mwigizaji Samuel L. Jackson alivaa suti ya nyota na milia kama Uncle Sam, ule mfano wa serikali ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kumkaripia Kendrick: unapiga kelele mno, una uswahili mwingi. Mwimbaji SZA alipoimba zile nyimbo laini, Uncle Sam akasifia, akasema hicho ndicho Marekani inachokitaka, kitu cha utulivu. Hajamaliza kupumua, Kendrick akaachia wimbo aliokatazwa. Na wote wanaoiunda bendera ni Weusi, wameinamisha migongo. Hayo yanafanyika kwenye mechi ambayo Rais Trump mwenyewe alihudhuria. Kuna Wamarekani waliopeleka malalamiko FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, wakiuliza mbona jukwaani hakuna mzungu hata mmoja. Kitu kisicho na maana hakimuudhi mtu kiasi hicho.

Ilitajwa pia ekari 40 na nyumbu, yule chotara wa punda na farasi. Januari 1865 Jenerali Sherman aliamuru familia za waliotoka utumwani zigawiwe ardhi ya pwani, kuanzia South Carolina hadi Florida, isiyozidi ekari 40 kila moja. Mwaka haukuisha, Rais Andrew Johnson akaanza kuirudisha kwa mabwana wa zamani. Deni hilo linaimbwa hadi leo. Katibu, muulize binti kama hayo anayajua. Akiyajua, mpe jukwaa.

Dereva_Houston
Bi Mwanaidi umefundisha vizuri, lakini swali la Katibu ni la makaratasi. Kisheria, tangu mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua kwamba hata kuichoma bendera ni haki ya kujieleza. Watoto kuinama na fulana za rangi si kosa popote. Lakini nanyi mnaona hali ya mwaka huu. Mwezi wa tatu kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Columbia amekamatwa na uhamiaji kwa ajili ya maandamano, naye ana ukaazi wa kudumu. Sheria iko upande wako, lakini utaisubiria kizuizini.

Kendrick alialikwa na NFL wenyewe, ligi yenye mechi ile, kila hatua ilipitishwa. Mcheza dansi mmoja alipojitolea kivyake bendera ya Palestina na Sudan juu ya gari lililokuwa sehemu ya onesho, alitolewa mbio na NFL ikamfungia viwanja vyake maisha. Mzee si mwoga, anajua hesabu za waalikwa wake.

Mama_wa_Wawili
Naomba niulize wanaosema "nchi ya watu": ni ya watu gani? Wangu wamezaliwa hapahapa Columbus. Polisi akimsimamisha mwanangu wa kiume barabarani hamuulizi babu yake alikuja kwa meli au mjomba wake alikuja kwa ndege. Sisi tumekuja wakubwa, tunaweza kujiita wageni. Wao wamejiona pale kwenye televisheni.

Mkenya_Halisi
Poleni majirani. Si mtumie bendera yenu tu? Kijani, nyeusi, bluu, na ile mistari ya dhahabu. Idea ni ile ile na hakuna mtu atakasirika.

Mpemba_Muscat
Hakuna atakayekasirika? Yakhe, bendera ya Tanzania ilishonwa 1964 kwa kuunganisha ya Tanganyika na ya Zanzibar, na hiyo bluu ndiyo sisi. Sasa unataka vijana waipasue katikati, bluu huku, kijani kule, siku ya Muungano, mbele ya Wabara na Wazanzibari walioshiba pilau? Hapo Uncle Sam atakuwa ndiye wa mwisho kukasirika. Nipeni tiketi nije.

Katibu_Ohio
Mpemba umenichekesha mpaka mke wangu kaja kuuliza kulikoni. Nimempigia binti na kumsomea hili la bendera yetu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Anko, kwa hiyo mnaelewa." Sikuwa na jibu.

Na ekari 40 anazijua. Kaziandika ukurasa wa pili.

Dereva_Houston
Huyo mtoto asomee sheria. Katibu, ushauri wangu wa mwisho: mruhusu, ila simu ziwekwe kikapuni mlangoni, hakuna kurekodi, hakuna kurusha mubashara. Na kila mtoto atakayecheza, mzazi aulizwe faragha. Kuna wenye kesi za hifadhi hawatasema mbele ya kikao.

Kinyozi_wa_Temeke
Bila video sasa sisi tulio huku tutaonaje?

Bi_Mwanaidi
Hutaona. Ulipewa la bure alfajiri ukalalamikia fataki.

Katibu, simu kikapuni ni sawa. Ila mzee asizungukwe. Mpelekeni binti nyumbani kwake na lile daftari, aende na mama yake, wamkute ameshakula. Kikaoni alijibu kama mwenyekiti mbele ya watu, hakuweza kurudi nyuma.

Katibu_Ohio
Nimechukua la kikapu na la wazazi kuulizwa faragha. Kwa mzee tunakwenda Jumapili baada ya misa, mimi, binti na mama yake. Akikataa tena, kipande cha bendera kinatoka na watoto watachagua kingine wenyewe, hilo binti amekubali kwa shingo upande. Kilichobaki ni fulana: nani anajua pa kupata nyekundu na bluu za bei ya jumla hapa Columbus, saizi za watoto wa miaka 13 hadi 17?